Chupa Sita za Kwanza: Uchaguzi wa Mvinyo kwa Kabati la Nyumbani

Kabati la vinywaji la nyumbani huanza kwa kawaida na bia na pombe kali, na mvinyo hufika baadaye, mara nyingi kwa njia ya zawadi za harusi na sikukuu, ukakaa ukikusanya vumbi kwa sababu mwenye nyumba hajui afungue chupa ipi, lini, na kwa chakula gani. Anayetaka kuanza kwa utaratibu hukutana na tatizo jingine, kwani rafu za duka moja kubwa la Dar es Salaam au Nairobi huwa na majina mengi kuliko mtu anavyoweza kuyajaribu kwa mwaka mzima, na ushauri anaopewa huwa ni wa bei tu, kwamba ghali ndiyo nzuri. Makala haya yana msimamo tofauti. Kabati la mwanzo linahitaji chupa sita, zilizochaguliwa kwa jozi ili kila chupa ijulikane kwa kulinganishwa na mwenzake, na zote zinywewe ndani ya miezi michache kabla joto halijaziharibu.

Neno mvinyo limetokana na neno la Kireno vinho, lililoachwa pwani na watu waliojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593. Kando yake lipo divai, linalosikika zaidi kanisani, na waini, linalotawala mitaani na hotelini. Kwa majina yote hayo kinachotajwa ni kinywaji kimoja, yaani maji ya zabibu yaliyochachuka. Zabibu ikishapondwa, hamira, ambayo ni vijidudu hai vya jamii ya kuvu, hula sukari iliyomo na kuibadili kuwa kilevi na hewa ya ukaa, mpaka sukari iishe au kilevi kizidi kiwango ambacho hamira yenyewe inakivumilia. Karibu aina zote za zabibu, hata zile nyeusi, zina maji yasiyo na rangi, kwa kuwa rangi imo katika ganda. Kwa hiyo mvinyo mwekundu hutengenezwa kwa kuchachusha maji pamoja na maganda kwa siku kadhaa au wiki, mvinyo mweupe hutengenezwa kwa kukamua kwanza na kuyaweka maganda kando, na ule wa rangi ya waridi hupatikana maganda yanapoachwa kwa saa chache tu kabla ya kuondolewa.

Maganda hayo hayatoi rangi peke yake. Hutoa pia tanini, kemikali ya mimea iliyomo vilevile katika majani ya chai, na mtu yeyote aliyewahi kung'ata bibo la mkorosho au ndizi mbichi anaijua kazi yake bila kufundishwa: ulimi hukauka, mashavu hujikunja kwa ndani, na Kiswahili kina neno kamili la hali hiyo, nalo ni ukakasi. Ukakasi ni moja ya mambo manne yanayotosha kuueleza mvinyo wowote. La pili ni uchachu, ule wa ndimu na ukwaju, unaovuta mate na kukifanya kinywaji kichangamke mdomoni. La tatu ni utamu, yaani sukari iliyobaki baada ya hamira kumaliza kazi, na mvinyo ambao haukubakiza sukari huitwa mkavu, neno linalowachanganya wengi kwa kuwa halihusiani na ukavu wa koo bali na kukosekana kwa sukari. La nne ni uzito, unaotokana hasa na kiasi cha kilevi, ambacho katika mivinyo mingi ya mezani ni kati ya asilimia 11 na 15, na unaohisiwa mdomoni kama tofauti iliyopo kati ya maji na maziwa. Anayeyashika haya manne anaweza kuuelewa mvinyo vizuri kabisa, na hana sababu ya kuona aibu akishindwa kunusa humo matunda ya nchi za baridi ambayo hajawahi kuyala.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kuiangalia nyumba yenyewe, kwa maana adui mkubwa wa mvinyo katika ukanda huu ni joto. Mvinyo huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, mahali penye giza na pasipobadilika-badilika, ilhali chumba cha kawaida cha Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huvuka nyuzi 30 mchana wa miezi ya kaskazi. Katika hali hiyo mabadiliko ya kikemia ambayo huchukua miaka ndani ya ghala la chini ya ardhi huko Ulaya huenda mbio, ladha ya tunda hufifia na kuacha harufu ya jamu iliyochemshwa, na mvinyo wenyewe hutanuka hadi ukakisukuma kizibo juu na kuvuja pembeni. Chupa ambayo kizibo chake kimeinuka, au yenye michirizi iliyokauka shingoni, isinunuliwe hata kwa nusu ya bei, na duka linalopanga chupa zake kwenye dirisha linalopigwa na jua linafaa kupitwa.

Mahali ambapo nyumba nyingi huweka chupa zao, yaani juu ya jokofu, ni miongoni mwa mahali pabaya kabisa, kwa sababu jokofu hutupa nje joto linaloliondoa ndani na mtikisiko wake hausimami usiku wala mchana. Jiko halifai kwa sababu iliyo wazi. Sehemu ya chini ya kabati la nguo, katika chumba cha ndani kisichofikiwa na jua la alasiri, ni bora kuliko rafu ya kioo sebuleni hata kama wageni hawataiona. Chupa yenye kizibo cha gome la mti hulazwa ili kizibo kibaki na unyevu na kisipitishe hewa, lakini yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama bila madhara, na kwa mkazi wa pwani ndiyo inayofaa zaidi. Wakazi wa Nairobi, Iringa, Mbeya na Arusha wanasaidiwa na mwinuko wa nchi na wanaweza kuweka akiba kidogo. Mkazi wa pwani asiye na jokofu maalumu la mvinyo hapaswi kulimbikiza kabisa.

Joto hilohilo linaharibu ushauri mmoja unaorudiwa kwenye lebo nyingi za nyuma, unaosema kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huo ulizaliwa katika nyumba za Ulaya ambazo vyumba vyake vilikuwa na nyuzi 18 au chini ya hapo, na ukifuatwa neno kwa neno katika mji wa Tanga mwezi wa Februari, kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu kingine. Mvinyo mwekundu katika nchi hizi uwekwe ndani ya jokofu kwa angalau nusu saa kabla ya kufunguliwa, ili ufike mezani ukiwa kwenye nyuzi 14 hadi 18. Mvinyo mweupe unahitaji angalau saa mbili, ufike nyuzi 8 hadi 12, na ule wa mapovu angalau saa tatu, kwani unataka nyuzi 6 hadi 8. Kutia barafu ndani ya bilauri si dhambi, ila barafu huyeyuka na kuuzimua mvinyo, kwa hiyo ni afadhali chupa yenyewe izamishwe kwenye ndoo ya maji yenye barafu, ambayo hupoza haraka kuliko barafu peke yake kwa kuwa maji huigusa chupa pande zote.

Jozi ya kwanza ya kununua ni ya mvinyo mweupe, na yafaa iwe ya zabibu moja kutoka nchi mbili. Zabibu hiyo ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, lakini ambayo leo imepandwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini kuliko nchi nyingine yoyote, na kwa muda mrefu iliitwa huko Steen. Chupa moja itoke huko, na nyingine itoke Dodoma, ambako zabibu hiyohiyo hulimwa. Ni mara chache mnywaji wa Tanzania anapata nafasi kama hii ya kuweka mezani kinywaji cha nyumbani na cha ugenini vilivyotokana na mzabibu wa jina moja, na somo linalopatikana hapo halipatikani kwa kununua chupa kumi zisizohusiana.

Tofauti kati ya hizo mbili inaanzia shambani. Rasi ya Tumaini Jema ina historia ndefu ya zabibu: Jan van Riebeeck, kiongozi wa Waholanzi waliopiga kambi hapo, aliandika kwamba mvinyo wa kwanza ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mashamba yake hupulizwa na upepo unaotoka kwenye bahari iliyopozwa na mkondo wa Benguela, na zabibu inayoiva kwa taratibu katika ubaridi wa usiku hutunza uchachu wake. Dodoma ni nchi ya namna nyingine. Mji huo upo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, mvua zake ni haba, jua lake halina huruma, na zabibu ziliingizwa huko na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20 zikaenea hadi kwa wakulima wadogo wa vijiji vya Wagogo. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima wa Dodoma huuamsha kwa kuupogoa, yaani kuukata matawi ili uanze kuchipua upya, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi hata kulifikiria. Gharama ya neema hiyo ni kwamba zabibu iliyo kwenye joto hukusanya sukari haraka na kupoteza uchachu upesi, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuwahi kuvuna na kupoza maji ya zabibu mapema.

Chupa hizo mbili zifunguliwe jioni moja, zikiwa na ubaridi sawa, na zimiminwe kwenye bilauri mbili zinazofanana. Mnywaji anuse kwanza, kisha anywe kidogo na kukizungusha kinywaji mdomoni, akijiuliza maswali manne tu: ni upi unaovuta mate zaidi, ni upi mtamu zaidi, ni upi mzito zaidi, na ni ladha ya upi inayokaa muda mrefu baada ya kumeza. Harufu ya pera lililoiva hutokea mara nyingi katika Chenin Blanc ya Afrika Kusini, na hiyo ni harufu ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki anaijua. Chakula kinachofaa hapo ni samaki wa kupaka, kwa sababu uchachu wa zabibu hii hulikata tui la nazi kama ndimu inavyolikata, na wala haina ukakasi wa kugombana na samaki.

Jozi ya pili ni ya mvinyo mwekundu, na yafaa iwe ya mzazi na mtoto. Mwaka 1925, Abraham Perold, profesa wa kilimo cha zabibu huko Stellenbosch, alichavusha zabibu ya Pinot Noir kwa chavua ya Cinsaut, ambayo wakati huo Afrika Kusini waliiita Hermitage, na mche uliozaliwa ukapewa jina lililounganisha majina ya wazazi wote wawili, yaani Pinotage. Pinot Noir ina ganda jembamba, kwa hiyo mvinyo wake ni mwepesi, una rangi ya kupenyeka kwa mwanga, na ukakasi wake ni mdogo. Pinotage ni nyeusi, nzito, na mara nyingi ina harufu ya moshi. Mtu akizionja pamoja ataelewa maana ya wepesi na uzito bila maelezo marefu. Pinotage ni rafiki wa nyama choma, kwa sababu mafuta na protini ya nyama huushika ukakasi na kuulainisha, wakati Pinot Noir, ikipozwa vizuri, inaweza kukaa na kuku wa kukaanga, na hata na wali wenye viungo vingi lakini pilipili kidogo. Pilipili yenyewe inahitaji tahadhari, kwani kilevi kingi huongeza mwasho wake, na anayekula chakula chenye pilipili kali atafurahia zaidi mvinyo mweupe wenye utamu kidogo. Anayetaka kubaki na vya nyumbani anaweza kuiweka mahali pa Pinotage chupa ya zabibu nyekundu ya Makutupora, iliyopewa jina la eneo lililo nje kidogo ya mji wa Dodoma.

Wengi watauliza kwa nini Cabernet Sauvignon, jina linaloonekana kila duka, haimo katika sita hizi. Ni zabibu yenye sifa kubwa, na uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba nayo ni mtoto wa wazazi wawili, Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Lakini ukakasi wake ni mwingi, chupa zake nzuri zinataka miaka ya kulala mahali penye ubaridi, na zile za bei nafuu mara nyingi humpa anayeanza ukali bila faida yake, akaondoka na imani kwamba mvinyo mwekundu wote ndivyo ulivyo. Iachwe kwa awamu ya pili.

Jozi ya tatu ni ya chupa mbili zinazopishana kwa kila hali: moja isiyoweza kungoja na nyingine isiyo na haraka. Ya kwanza ni mvinyo wa mapovu. Champagne ni jina la eneo la Ufaransa na linalindwa kisheria, kwa hiyo mivinyo ya mapovu ya kwingineko ina majina yake, kama vile Cap Classique ya Afrika Kusini na Cava ya Hispania, ambazo nazo huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na Prosecco ya Italia, ambayo kwa kawaida huchachushwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa na kwa hiyo huuzwa kwa bei ndogo. Kwenye lebo mnunuzi atafute neno Brut, linalomaanisha kwamba sukari ni chini ya gramu 12 kwa lita. Ajihadhari na maneno Extra Dry, ambayo yanaonekana kuahidi ukavu zaidi ilhali mvinyo wake ni mtamu kuliko Brut, na anayependa utamu wa wazi achague Demi-Sec. Presha iliyomo katika chupa ya Champagne hufika angahewa 6 hivi, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, ndiyo maana chupa hufunguliwa ikiwa baridi sana, ikiwa imeelekezwa mbali na nyuso za watu, kizibo kikishikwa kwa nguvu huku chupa ikizungushwa taratibu, na sauti inayotoka iwe ya pumzi, si ya mlipuko. Ikishafunguliwa, ni ya usiku huohuo.

Ya pili ni mvinyo ulioongezwa pombe kali, na chaguo linaloifaa pwani kuliko yote ni Madeira. Katika kutengeneza mvinyo wa aina hii, pombe ya zabibu iliyokenekwa humwagwa ndani ya mvinyo unaochachuka, hamira hufa kabla ya kumaliza sukari, na kinachobaki ni kinywaji kitamu chenye kilevi cha karibu asilimia 20. Ndivyo inavyotengenezwa Port ya bonde la Douro nchini Ureno. Watu wa kisiwa cha Madeira waliongeza hatua moja waliyofundishwa na bahari: mapipa yao yaliyovuka nchi za joto ndani ya meli yalirudi na mvinyo ulio bora kuliko ulioondoka, wakaanza kuupasha joto kwa makusudi nyumbani. Mvinyo uliokwisha kupikwa na kuzoea hewa hauna tena cha kuogopa, na chupa yake iliyofunguliwa hudumu kwa miezi hata nje ya jokofu. Isipopatikana, Port ya rangi ya kahawia iitwayo Tawny hukaa wiki kadhaa kwenye jokofu, na wapenzi wa utamu wa nyumbani wanayo Dompo ya Dodoma. Bilauri ndogo ya mvinyo huo pamoja na korosho za kukaanga au kashata, baada ya mlo, inatosha.

Kuhusu lebo, yapo mambo machache ya kutazama. Mwaka ulioandikwa ni wa mavuno, na kwa mvinyo mweupe wa bei ya wastani mwaka ulio karibu zaidi ndio bora. Ikumbukwe kwamba kusini mwa ikweta, Afrika Kusini ikiwemo, zabibu nyingi huvunwa kati ya Februari na Aprili, nusu mwaka mbele ya Ulaya, kwa hiyo chupa mbili za mwaka mmoja hazina umri mmoja. Jina la zabibu na jina la mahali vikikosekana vyote, mnunuzi hana cha kujifunza kutoka kwenye chupa hiyo hata kama ameipenda. Kama mvinyo uliofungwa kwa gome la mti utanuka karatasi iliyolowa au kitambaa chenye kuvu, kosa ni la kizibo, wala mnywaji asijilazimishe kuuzoea.

Vifaa ni vichache: kizibuo imara, bilauri nne au sita zenye shina na mdomo uliobanwa kidogo ili harufu isitoroke, na kizibo cha mpira cha kufungia kilichobaki. Chupa ya kawaida ina mililita 750, ambazo ni bilauri tano za mililita 150, na chupa iliyofunguliwa ya mvinyo mweupe au mwekundu hudumu siku tatu hadi tano ndani ya jokofu. Nyumba za Waswahili hupokea wageni wa imani zote, na kwa wengi wao kilevi ni haramu. Kabati lililopangwa kwa heshima lina pia maji ya ukwaju, rozela na tangawizi yaliyoandaliwa kwa uangalifu uleule, yakinyweshwa kwa bilauri ambazo hazijatumika kwa mvinyo, wala mgeni haulizwi kwa nini. Na kwa wanaokunywa, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kilevi kilicho salama kabisa kwa afya, na hiyo ni sababu nyingine ya kununua chache na nzuri.

Kwa hiyo anayeanza na aende dukani asubuhi kabla ya jua kali, anunue jozi moja tu kwanza, ile ya Chenin Blanc, asiziache chupa ndani ya gari hata kwa nusu saa, azilaze kwenye jokofu mchana huohuo, na jioni azifungue zote mbili huku samaki wakiwa mezani.